Kuimarisha jamaa ya msikiti wa mtaa, hatua kwa hatua

Ndugu zetu wa shehia ya jirani wameunda kamati mpya ya msikiti, na baada ya kukaa nao vikao kadhaa wakaniomba niyaandike tuliyozungumza juu ya kuimarisha jamaa, yaani watu wanaosali pamoja. Nasema juu ya msikiti wa kawaida wa hapa kwetu Pemba: imamu mmoja, muazini, chuo (madrasa) cha watoto pembeni. Usafi wa birika la kutawadhia na vyoo siuelezi, kila mtu anaujua.

1. Saa ya kukimiwa (kuanzishwa) sala

Ibandikeni mlangoni, na muifuate. Mvuvi na mwalimu wa skuli wote wana kazi zinazowangoja. Imamu asirefushe: Mtume (S.A.W.) ameamrisha anayesalisha watu apunguze, kwani miongoni mwao wamo wanyonge, wagonjwa na wazee.

2. Kamati

Watu wachache, wakiwemo vijana, na akina mama wawe na sauti yao.

3. Fedha

Hapa ndipo jamaa inapovunjika. Mtu akishatilia shaka sadaka yake hagombi na yeyote, anahamia msikiti wa pili kimyakimya.

Sanduku liwe na kufuli mbili, funguo kwa watu wawili wa nyumba tofauti. Imamu asishike fedha kabisa. Hiyo ni kumhifadhi heshima yake, si kumdhania vibaya. Mtume mwenyewe alimhesabia Ibn al-Lutbiyya, mtu aliyemtuma kukusanya zaka, aliporudi nayo akasema hiki chenu, hiki nimezawadiwa mimi.

Lifungueni baada ya sala ya Ijumaa, watu wangali wamekaa. Mwageni fedha juu ya busati, wawili wahesabu, wa tatu aandike, kisha isomwe kwa kipaza sauti. Andikeni kwenye kaunta buku, kwa wino. Wapo wanaotaka hesabu zikae kwenye simu tu, mimi sikubali. Simu hupotea, na mzee wa safu ya mbele hawezi kuifungua akasoma. Ukurasa upigwe picha utumwe kwenye kundi la WhatsApp, lakini daftari ndilo asili. Mstari uwe hivi: sanduku 46,500, umeme wa Tukuza (wa kulipia kabla) 20,000, bawaba ya mlango wa choo 3,500, baki 23,000. Hata bawaba iandikwe, maana watu huhoji vitu vidogo wanavyoviona kwa macho.

Kila fedha na njia yake. Iliyotolewa kwa kisima isinunue zulia; ikibaki, rudini kwa mtoaji mumuulize. Zaka iwe na ukurasa wake peke yake: wanaostahiki wametajwa katika Surat Tawba, aya ya 60, makundi manane, na saruji haimo. Inayoingia kwa simu iandikwe siku ileile mbele ya shahidi. Msimu wa karafuu, watu wakishalipwa na ZSTC, shirika la Serikali linalonunua karafuu, sadaka huongezeka. Wekeni akiba ya miezi mikavu, na posho ya imamu itangulie rangi ya ukuta.

Kama msikiti una shamba la wakfu, yaani lililotolewa kwa ajili ya Mungu, msilikodishe kwa maneno ya barazani. Nendeni Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, inayofanya kazi kwa sheria ya mwaka 2007, muulize limeandikwaje na msimamizi wake nani. Sayyidna Umar alipoweka wakfu ardhi yake ya Khaybar, sharti lilikuwa isiuzwe, isirithiwe, isitolewe zawadi. Akitokea mrithi anayedai minazi ya babu yake, msibishane naye msikitini. Nendeni naye Kamisheni.

4. Wanawake na watoto

Akina mama wawe na mlango wao, na kipaza sauti kinachosikika. Mtoto asifukuzwe safuni. Anayejua kuadhini, mpeni Alasiri.

5. Darsa

Baina ya Magharibi na Isha, kitabu kimoja cha fiqhi (hukumu za dini) mpaka kiishe. Kurukaruka vitabu huwachosha watu.

6. Walioacha kuja

Waendewe na watu wawili baada ya Alasiri. Msiulize “mbona huonekani?” Mpeni salamu za jamaa, kaeni, kisha mtakeni shauri kwa lile analolijua: fundi muulizeni juu ya paa linalovuja, muuza duka juu ya bei ya mchele wa futari. Akija kulitazama paa, adhana itamkuta hapo hapo.