Golikipa wa kike hapikwi kwa kuruka

Binti akija mazoezini akaniambia anataka kudaka kama Chiamaka Nnadozie wa Nigeria, simruhusu kuruka kwanza. Tunaanza na miguu: hatua fupi za pembeni kutoka nguzo hadi nguzo, magoti yamelegea, uzito uko mbele ya nyayo. Goli lina upana wa mita 7.32, na ukisimama panapotakiwa mipira mingi inakujia yenyewe. Kuruka kwingi ninakokuona mchangani ni kwa ajili ya kamera.

Mikono haina maneno mengi. Mpira wa kifuani kwenda juu, vidole gumba vikaribiane nyuma yake. Wa chini, vidole vidogo ndivyo vikaribiane, na goti liwe nyuma ya viganja, maana mchanga hugeuza mpira dakika ya mwisho.

Sasa penalti, mdogo wangu. Itafute ile ya Kombe la Dunia la wanawake, Melbourne, Julai 2023: Christine Sinclair wa Kanada anapiga, Nnadozie anapangua, mechi inaisha 0-0. Itazame tena ukiangalia miguu ya golikipa tu. Sheria inataka walau sehemu ya mguu mmoja iwe kwenye mstari mpira unapopigwa, kwa hiyo ukiwahi kutoka, umepangua bure. Mazoezini mwenzako apige kutoka mita 11, nawe usiruke kabisa. Tazama nyonga na mguu anaoukita, kisha sema kwa sauti “kulia” au “kushoto” kabla hajaugusa mpira. Ukishaanza kupatia, ndipo uruke. Na ukipangua inuka hapo hapo! Mashangilio baadaye, mpira uliotemwa una mwenyewe anaukimbilia.

Cheti cha kuzaliwa na pasipoti vitafute mapema, maana nafasi ya kwenda nje inaweza kuja ukiwa bado mdogo. Nnadozie alikuwa Rivers Angels ya Port Harcourt, akaenda Kombe la Dunia 2019 akiwa na miaka 18. Nigeria ikaifunga Korea Kusini 2-0, naye akawa golikipa mdogo kuliko wote kumaliza mechi ya mashindano hayo ya wanawake bila kufungwa. Mwaka 2020 alikuwa Paris FC ya Ufaransa, 2025 Brighton ya Uingereza.

Video ya kutuma kwa klabu iwe ya mechi nzima, na magoli uliyofungwa yaache humo humo. Kocha anataka kuona unavyowapanga mabeki baada ya kufungwa. Mtu asimame nyuma ya goli lako na simu, pembeni kidogo. Ukiiegemeza kwenye nguzo, haimalizi kipindi cha kwanza.