Kumtayarisha farasi kwa mashindano ya kwanza ya dresaji

Mimi ni saisi jijini Nairobi, na farasi wengi ninaowatunza walikimbia mbio Ngong kabla ya kufundishwa kazi nyingine. Lori na umati havimtishi farasi wa namna hiyo. Tatizo ni kwamba lori likisimama, anaamini kuna mbio. Dresaji, mchezo wa farasi kufanya miondoko iliyopangwa kwa kumtii mpandaji, inamtaka aingie uwanjani peke yake, atulie, na kila tendo lake lipewe alama, 0 hadi 10, na jaji aliyeketi nyuma ya herufi C, mojawapo ya herufi zinazowekwa kuzunguka uwanja.

Hatua ya 1: Chagua jaribio jepesi
Jaribio ni mfuatano wa matendo uliopangwa. Kama kanta yake (mbio za polepole) nyumbani ni nzuri upande mmoja tu, ingia jaribio la kutembea na troti (mwendo wa mchakamchaka). Soma kanuni mapema: lijamu gani linaruhusiwa, fimbo inaruhusiwa au la. Kofia ngumu ni lazima. Chanjo ya ugonjwa wa farasi wa Afrika isiangukie wiki ya mashindano. Mpe muda wa kupumzika baada ya sindano.

Hatua ya 2: Jifunze jaribio kwa miguu yako
Uwanja mdogo ni mita 20 kwa 40. Ukiingia A na kuzunguka kwa mkono wa kulia, herufi ni A, K, E, H, C, M, B, F. X ni katikati. Uchore chini, uutembee mpaka usihitaji kufikiri. Farasi usimrudishie jaribio zima kila siku, maana atalikariri na kuanza kukata kona kabla hujamwomba. Mpe vipande vipande, kwa mpangilio tofauti.

Hatua ya 3: Duara
Alama nyingi za wanaoanza hupotea hapa, na hazihusiani kabisa na uzuri wa farasi. Duara la mita 20 kutoka A, mkono wa kulia, linagusa ukingo mita 4 baada ya K, linapita X, linagusa ukingo wa pili mita 4 kabla ya F, kisha linarudi A. Haliingii kwenye kona hata kidogo. Wengi huingia kona, hugusa K yenyewe, halafu hupitiliza X, na duara linakuwa yai. Mwaga chokaa kwenye sehemu hizo nne, upite hapo kwa troti ileile bila kuongeza wala kupunguza. Baada ya siku kadhaa futa chokaa, uone kama mnazifikia bila msaada.

Mstari wa katikati nao: mtazame jaji, usitazame shingo ya farasi. Akienda kivivu atayumba. Mwendo ukiwa na nguvu kidogo, ananyooka.

Hatua ya 4: Mpeleke ugenini
Kabla ya siku yenyewe, mpakie kwenye lori mwende zizi la jirani. Mfanye kazi kidogo, ale nyasi zake za nyumbani, mrudi. Nyumbani weka vibao vyeupe vya herufi, meza na mwavuli pale C. Farasi aliyetulia mbele ya watu elfu anaweza kugutuka kwa mwavuli mmoja.

Hatua ya 5: Jioni ya kuamkia siku
Mwoshe, safisha ngozi ya tandiko na hatamu. Singa zilowanishwe ndipo zisukwe. Napendelea uzi na sindano kuliko mipira midogo ya kufungia, kwa kuwa mipira inakatika. Usikaze mno, atakaza shingo nawe utafikiri ni ukaidi.

Hatua ya 6: Kumpasha moto
Usimkimbize ili achoke! Aliyezoea mbio huzidi kuchemka. Mtembeze muda mrefu, kisha troti na mabadiliko mengi ya mwendo. Mkikutana na wengine, pishaneni bega la kushoto kwa bega la kushoto. Saisi, kabla hajaingia ondoa bandeji za miguuni. Kuzisahau kunaweza kumtoa mashindanoni.

Hatua ya 7: Ndani ya uwanja
Kengele ikilia, kanuni za kimataifa zinakupa sekunde 45 kuingia, kwa hiyo malizia mzunguko wako bila haraka. Pale pa kusalimu, hatamu ziwe mkono mmoja, mwingine ushushe, inamisha kichwa. Usimsemeshe wala kumpigia ulimi, utakatwa alama. Ukipotea njia, jaji atapiga kengele na kukuelekeza. Unapoteza pointi chache tu. Kutembea kwa hatamu ndefu mara nyingi huhesabiwa mara mbili, kwa hiyo mwachie kweli, anyooshe shingo chini.

Hatua ya 8: Baada ya kutoka
Shuka, legeza mkanda wa tumbo, mpe maji na kivuli. Kisha chukua karatasi ya alama. Pita kwanza kwenye maelezo ya kila tendo kabla ya jumla, na yale yaliyoandikwa zaidi ya mara moja ndiyo kazi ya Jumatatu.