Kumkabidhi mrithi uchungaji: anza ungali na nguvu

Mchungaji anayengoja kuugua ndipo atafute mrithi ameshachelewa. Kukabidhi kusanyiko vizuri huchukua miaka miwili hadi mitatu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika mzee, yaani mchungaji anayeondoka, angali anapanda mimbarini mwenyewe. Musa alipoagizwa kumwekea Yoshua mikono (Hesabu 27), aliambiwa ampe sehemu ya heshima yake, tena mbele ya kuhani Eleazari na mkutano wote. Wengi hufanya kinyume chake: humnong'oneza mtu faraghani kwa miaka, kisha humtwisha yote siku moja.

Fungueni katiba kabla ya kutaja jina. Kwa Wakatoliki mambo yamenyooka: paroko huteuliwa na askofu, na akifika miaka 75 huombwa kuwasilisha barua ya kujiuzulu. Makanisa yanayojitegemea, hasa yale ambayo mwanzilishi bado yupo, mara nyingi hayana kifungu chochote. Andikeni nani anapendekeza, nani anapiga kura, kura ngapi zinatosha, na nani anashika kiti mchungaji akifa ghafla. Pitisheni haya mapema, kwa sababu jina likishatajwa, kila kifungu kitasomwa kama hila ya kumbeba au kumzuia mtu.

Katika kuchagua, mahubiri hudanganya. Wapeni watu wawili au watatu kazi zisizo na makofi: kusuluhisha idara mbili zilizogombana, kumtembelea mgonjwa ambaye haponi, kusimamia bajeti iliyopungukiwa. Anayerudi na taarifa ya kweli, hata ikiwa mbaya, ndiye wa kumtazama. Mtoto wa mchungaji apitie mlango uleule, na mzazi atoke nje ya kikao jina hilo linapojadiliwa. Lakini msivute mno. Daudi alichelewa kumtangaza Sulemani hadharani, na Adonia akajitangaza mfalme (1 Wafalme 1). Ukimya wa mzee huzaa kambi.

Kisha kabidhi kwa awamu. Mwaka wa kwanza mrithi ashike ibada za katikati ya wiki na Jumapili moja kwa mwezi. Mwaka wa pili aongoze vikao vya wazee wa kanisa huku mzee amekaa pembeni, asiseme mpaka aulizwe. Miezi sita ya mwisho Jumapili tatu kati ya nne ni zake, na uteuzi wa viongozi wa idara ni wake pia. Hapa ndipo wengi hukwama: mrithi hupewa kazi bila kupewa uamuzi, na washirika hujua upesi kwamba wakimruka na kwenda kwa mzee watapata jibu wanalolitaka. Jibu la mzee liwe moja tu: "Umeshazungumza naye?" Mrithi akikosea, aonywe faraghani, kisha atangaze marekebisho kwa kinywa chake mwenyewe. Mzee akitengua uamuzi wa mrithi mara moja tu hadharani, amefuta kazi ya mwaka mzima.

Nyaraka zinachosha, lakini ndizo zinazopeleka makanisa mahakamani. Hati za ardhi na kadi za magari ziwe kwa jina la wadhamini au la kanisa, kamwe si la mchungaji. Akaunti ya benki iwe na watia sahihi watatu, wawili wakitosha kutoa fedha. Orodhesheni madeni, nywila, namba za simu zinazopokea sadaka, na hasa ahadi za mdomo: fulani aliahidiwa ajira, fulani karo ya mtoto. Ahadi isiyoandikwa itamrudia mrithi kama lawama. Siri za ushauri hazimo kwenye makabidhiano. Anayeendelea kushauriwa aulizwe kama anakubali kuhamia kwa mchungaji mpya.

Matunzo ya mzee yaamuliwe na baraza kwa maandishi angalau mwaka mmoja kabla: posho, matibabu, mahali pa kuishi. Wazee wengi wanaosemwa kuwa wana uroho wa madaraka hawana tu pa kwenda. Mrithi asihusishwe katika uamuzi huo.

Siku ya kusimikwa iwe na ukomo ulio wazi. Papa Benedikto XVI alitangaza kujiuzulu tarehe 11 Februari 2013, na akataja hata saa: saa 2 usiku, tarehe 28 mwezi huohuo. Katibu asome azimio, mzee aweke mikono, na kuanzia hapo sahihi yake isitumike tena popote.

Baada ya hapo mzee aabudu kwingine kwa miezi sita hadi mwaka, ajitoe kwenye makundi ya simu ya viongozi, na asifungishe ndoa wala kuongoza mazishi ila kwa mwaliko wa mrithi. Naye mrithi aache ratiba ya ibada, kwaya na wakuu wa idara kama alivyowakuta kwa miezi sita, isipokuwa palipo na wizi au mtu anaumizwa. Na washirika wenye malalamiko wakifika nyumbani kwa mzee, awakaribishe chai, kisha ampigie mrithi simu wakiwa bado wameketi.