Kuandika Maoni Yako Kuhusu Riwaya Uliyoimaliza

Andika maoni yako siku chache baada ya kuimaliza riwaya, kabla hujasoma ya wengine, kwa kuwa sauti zao zikitangulia huwa vigumu kuitambua yako. Muhtasari wa kisa usizidi sentensi mbili au tatu, na usifichue mwisho.

Kazi yenyewe ni kueleza kwa nini kitabu kilikugusa au kilikuchosha, na hapo ndipo wengi huishia kusema tu kwamba riwaya inavutia. Rudi kwenye ukurasa ambapo hisia hiyo ilianza, uusome upya polepole, kisha utafute kilichoisababisha katika fani, yaani namna riwaya ilivyoundwa na kusimuliwa: pengine msimulizi wa nafsi ya kwanza anatuficha jambo alilolijua tangu mwanzo, au mwandishi anaukatiza ugomvi wa mama na bintiye kwa kurasa nne za kueleza mandhari, hata hamu ya msomaji ikapoa. Badala ya kuandika kwamba mhusika mkuu hana uhalisia, onyesha kwamba anamsamehe nduguye katika sura ya mwisho bila tukio lolote lililomwandaa kufanya hivyo.

Tofautisha pia udhaifu wa kazi na kile usichokipenda wewe. Asiyevutiwa na riwaya za upelelezi hana budi kulitaja hilo waziwazi. Binafsi humwamini zaidi mhakiki anayekiri kwamba kitabu alichokichukia kimesukwa kwa ustadi. Ikiwa umesoma tafsiri, mtaje mfasiri, kwani lugha unayoisifu ni yake pia.