Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuwatuma Watu Kwenye Kinu cha Nyuklia Kilichoharibika

Maji ya kupozea yatangulie, kwa sababu hata kinu kikizimwa, fueli iliyomo huendelea kutoa joto kwa muda mrefu. Jenereta za akiba zikae mahali ambapo maji hayafiki: katika mtambo wa Fukushima Daiichi nchini Japani, tarehe 11 Machi 2011, nyingi zilikuwa chini ya ardhi, tsunami ikazizamisha, na wafanyakazi wakalazimika kung'oa betri za magari ili wapate kusoma vipimo. Nyaya na mipira ya maji ipite njia zaidi ya moja. Hayo kila mkaguzi atakuuliza.

Asilouliza ni nani amepima mionzi leo, mahali hasa watakapokanyaga watu.

Tarehe 24 Machi, mtamboni humo humo, wafanyakazi watatu waliteremka chini ya jengo la kufulia umeme la kinu namba 3 kutandaza nyaya. Mahali hapo palikuwa pamepimwa siku iliyotangulia, na mionzi ilikuwa kidogo. Walipofika walikuta maji ya kina cha sentimita 15 hivi, na wawili kati yao, waliovaa viatu vifupi, waliingiwa na maji hadi miguuni. Vipima mionzi walivyovaa vililia. Wakadhani vina hitilafu, wakaendelea na kazi. Kila mmoja alipata zaidi ya milisiveti 170 (kizio cha mionzi inayoupata mwili), ilhali kikomo cha kawaida nchini humo ni 50 kwa mwaka. Maji yale yalipopimwa, mionzi yake ilikuwa takriban mara 10,000 ya ile ya maji ya kinu kinachofanya kazi salama.

Kinachonikera ni kwamba usiku wa kwanza kipimo cha kinu namba 1 kilionyesha kuwa maji yameifunika fueli, na kikaaminiwa, kumbe fueli ilikuwa imekwisha kubaki wazi. Kipimo kilicholeta nafuu hakikutiliwa shaka; kilicholeta usumbufu kikaitwa kibovu.

Kwa hiyo pima upya kila zamu, na atangulie mpimaji, si fundi. Andika katika kibali cha kazi kwamba kipima mionzi kikilia watu watoke kwanza, ubishi ufanyike nje. Kila mtu awe na kipima chake, maana huko Fukushima vingi viliharibiwa na tsunami, na kwa majuma kadhaa kundi zima lilitegemea kimoja. Buti ndefu za mpira zisikosekane, wala barakoa zenye vichujio, tochi za ziada, vidonge vya iodini vya kukinga tezi ya shingo, chakula na mahali pa kulala. Upepo uangaliwe unakoelekea, gari la kuwatolea watu liwe limewashwa, na anayehesabu walioingia asiondoke mlangoni kwa sababu yoyote.