Kupima vitundu na nyufa za jiwe la matumbawe kwa skana ya mezani

Kuta za Mji wa Kale, Mombasa, na za Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593, ni za matumbawe: jiwe la vitundu vitupu, linalonyonya maji na chumvi. Ukitaka kujua kwa nini linamomonyoka, lichungulie ndani.

1. Okota kipande kilichoanguka chenyewe, kwa ruhusa ya mwenye nyumba. Fort Jesus usiiguse. Kigawe viwili.

2. Toa chumvi. Hapa usiwe na haraka. Loweka vipande kwenye maji yaliyokenekwa, ukibadilisha kila siku. Maji ya visima vyetu yenyewe yana chumvi. Chota kidogo maji uliyolowekea, tia tone la nitreti ya fedha, kemikali inayofichua chumvi: yakigeuka meupe kama tui, endelea kuloweka. Mimi niliwahi kuruka hatua hii, nikadhani jiwe limeshikana barabara. Kumbe chumvi ndiyo iliyoziba vitundu.

3. Kausha kwa nyuzi 60 za Selsiasi mpaka uzito usibadilike. Moto mkali hupasua jiwe, nawe utahesabu nyufa ulizozileta mwenyewe.

4. Kipande cha kwanza kizamishe katika epoksi nyepesi (gundi inayoganda) yenye rangi ya buluu, ndani ya chombo kinachotolewa hewa kwa pampu. Viputo vikikoma kupanda, rudisha hewa polepole. Hewa hiyo ndiyo itakayoisukuma gundi mpaka ndani. Acha igande.

5. Kata, kisha sugua kwa msasa wa maji namba 400, 600, halafu 1000. Tazama kwa lenzi: ufa uliojaa buluu ulikuwepo kabla hujashika msumeno. Ufa unaokatisha hata buluu iliyoganda ni wako, usiuhesabu.

6. Skani uso huo kwa dpi 2400, yaani nukta 2400 kwa kila inchi. Kila pikseli, yaani nukta moja ya picha, ni takriban milimita 0.0106. Fungua picha kwa ImageJ, programu ya bure, uchague buluu. Gawanya pikseli za buluu kwa pikseli zote za jiwe, buluu ikiwemo, zidisha kwa 100: hiyo ni asilimia ya uwazi ndani ya jiwe. Rudia kwenye nyuso kadhaa, maana tumbawe halifanani sehemu zote.

7. Kipande cha pili kipime kikavu, kikiwa kimeshiba maji, na kikiwa kimening'inizwa majini. Uzito wa kushiba toa mkavu, gawanya kwa wa kushiba toa wa kuning'inia, zidisha kwa 100: ni asilimia ile ile, kwa njia ya maji. Jibu la maji likizidi sana la picha, huenda kuna vitundu vidogo kuliko pikseli. Hivyo vinataka hadubini, na vilivyo vidogo kabisa, hadubini ya elektroni.