Safari za boti Unguja na Pemba: kipi ulipie, kipi ukiache

Ukisimama Mtini, ufukweni pale jirani na Forodhani, papasi, yule dalali wa safari za boti, atakutajia bei ya kisiwa cha Changuu hujamaliza hata kuitikia salamu. Usianze kwa kumwambia apunguze. Muulize: leo maji yanakupwa saa ngapi? Akijibu papo hapo, tena akakutajia na saa yanapoanza kujaa, basi anaijua bahari au ana nahodha anayemsikiliza. Akibabaika, anauza karatasi tu, na bei yake hata iwe nusu ya mwenziwe bado ni ghali.

Watu hubishania shilingi elfu tano nusu saa nzima, kisha wakapelekwa kwenye fungu la mchanga la Nakupenda wakati limeshamezwa na maji. Fedha hupotea hapo, si kwenye bei.

Siku kwanza, boti baadaye

Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ni kama mita 1 na kitu. Kila siku saa za maji husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Kwa Unguja, njia rahisi ya kukisia ni tarehe ya Kiislamu: kuanzia tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17, maji hukupwa kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana, kisha hujaa jioni. Ukifika tarehe 8 au 9, na 22 au 23, mambo hugeuka: maji hujaa kuelekea adhuhuri na hukupwa jioni. Hesabu hiyo ni ya kupangia tu. Saa kamili itazame kwenye jedwali la maji la mwaka huo au muulize mvuvi.

Ndiyo maana Idi mbili hazifanani baharini. Idi Ndogo, tarehe mosi ya Mfungo Mosi, fungu la Nakupenda huwa wazi na pana asubuhi. Familia ikiondoka saa 3 inapata saa kadhaa za mchanga mkavu kabla maji hayajarudi. Idi Kubwa, tarehe 10 ya Mfungo Tatu, maji hujaa karibu na adhuhuri, wakati uleule boti zinaposhusha watu. Siku hiyo nenda Changuu ukaone kobe, na fungu uliache kwa wiki nyingine.

Kwa anayetaka kutazama samaki na matumbawe, mambo ni kinyume. Bamvua huleta mkondo mkali na maji yenye vumbi la mchanga. Maji mafu ndiyo maangavu, na mtoto anaweza kuelea mahali pamoja bila kuvutwa. Kwa hiyo zile safari za “tatu kwa moja”, za kupita mahali patatu siku moja, haziwezi kukupa kila kitu kwa ubora uleule. Amua unataka fungu au unataka matumbawe, halafu chagua tarehe.

Upepo nao una neno. Kusi hushika tangu Mei hivi hadi Septemba, na upande wa mashariki, Matemwe hadi Makunduchi, ndio unaopigwa zaidi. Kaskazi, Disemba hadi Februari au Machi, humsumbua wa Nungwi. Majira yote mawili asubuhi ni tulivu kuliko alasiri. Safari ya saa 2 asubuhi na ya saa 8 mchana zikiuzwa bei moja, usifikiri mara mbili.

Hesabu ya mashine

Gharama kubwa ya mwenye boti ni mafuta. Mashine ya nje ya nguvu za farasi 40, ile ya kuchanganya petroli na oili (mililita 400 hivi za oili kwa lita 20 za petroli), ikiendeshwa kwa kasi yake yote hunywa kati ya lita 15 na 20 kwa saa. Ikienda taratibu hunywa kama nusu ya hapo. Mtini hadi Changuu hakufiki saa moja ya mashine hata kwa boti nzito ya mbao. Nungwi hadi Mnemba na kurudi huweza kuchukua saa mbili au zaidi. Chukua bei ya petroli iliyotangazwa mwezi huo na ZURA, mamlaka ya Zanzibar inayosimamia bei za mafuta, zidisha kwa lita, ongeza ujira wa nahodha na baharia, chakula na chochote cha papasi. Sasa unajua sakafu ya bei iko wapi. Anayekutajia chini ya hapo atafidia mahali: atangoja mpaka boti ijae watu, atakatiza safari, au atapunguza jaketi okozi.

Omba bei ya boti nzima, siyo ya kichwa. Mkifika wanne au watano, mara nyingi boti nzima huwa nafuu mkigawana, na faida yake kubwa ni kwamba saa ya kuondoka mnaipanga nyinyi kufuata maji. Kati ya vyote mtakavyouziwa kama ziada, boti ya peke yenu ndiyo tunayoona inastahili fedha kuliko zote.

Viingilio viulize mbali na bei ya boti. Changuu kina kiingilio chake, na Mnemba na Ghuba ya Menai ni maeneo ya hifadhi yenye ada. Mtanzania hulipa kidogo kuliko mgeni, ila lazima aonyeshe kitambulisho, cha Mzanzibari mkaazi au cha taifa cha NIDA. Ukisahau kitambulisho nyumbani, usimlaumu mtu wa lango. Lipa mwenyewe palepale na uchukue risiti, kwa sababu “kiingilio kimo” mara nyingi maana yake umehesabiwa bei ya mgeni.

Njia moja moja

Changuu na Nakupenda ni safari ya kwanza nzuri kwa wenye watoto: karibu, na kuna kitu cha kutazama hata bahari ikikataa. Kobe wale wakubwa asili yao ni Aldabra, waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Jengo linaloitwa gereza halikupata kufunga wafungwa. Liliishia kuwa karantini. Saa moja na nusu inatosha hapo. Chakula cha mchana kileni kwenye fungu au rudini mjini.

Ghuba ya Menai, kutokea Fumba, ndiyo safari ya siku nzima ambayo thamani yake inaonekana: fungu la Kwale, mikoko, matumbawe, na samaki wa kuchoma kwa wali. Hii ilipie, lakini nenda Fumba wenyewe kwa daladala au gari ya kukodi mkiwa wengi. Usafiri wa kuchukuliwa hotelini mara nyingi huongeza bei kuliko nauli halisi ya njia ile.

Mnemba: hakikisha unajua kwamba kisiwa chenyewe ni cha hoteli binafsi na hutashuka. Unachonunua ni matumbawe yanayokizunguka. Panda boti Muyuni au Matemwe, si Nungwi. Njia ni fupi, mafuta machache, na asiyezoea bahari hapati kigegezi kabla hajaingia majini.

Pomboo wa Kizimkazi tunawaweka mwisho. Boti nyingi huwafukuza kwa pamoja, zinakatiza mbele yao, na watu wanarushwa majini juu ya mgongo wa mnyama aliyekimbia. Ukitaka kwenda, ondoka alfajiri, na umwambie nahodha kabla ya kulipa kwamba hutaki kufukuza: aende sambamba nao, mashine ikiwa polepole, basi. Anayekataa sharti hilo mwache.

Kisiwa cha Chumbe ni ghali na kuna sababu. Ni hifadhi tangu 1994, idadi ya wageni ni ndogo, na matumbawe yake hayajakanyagwa. Kwa anayependa bahari kwa dhati, mara moja maishani inatosha kuhalalisha bei.

Jahazi la machweo lazima liwe upande wa magharibi: Mji Mkongwe, Kendwa, Nungwi, au Michamvi Kae panapotazama Ghuba ya Chwaka. Mtu wa Paje au Jambiani akikuuzia machweo ya baharini, jua litakuzamia mgongoni, nyuma ya minazi. Jua huzama kati ya saa 12 na robo na saa 1 kasorobo jioni kutegemea mwezi, kwa hiyo kuondoka saa 11 kunatosha. Swali la kuuliza ni moja: tanga litatwekwa na mashine kuzimwa kwa muda gani? Majahazi mengine hutweka tanga kwa ajili ya picha huku mashine inanguruma chini. Machi, Aprili na Novemba upepo unaweza kukosekana kabisa, na hapo jahazi ni boti ya mashine yenye mlingoti. Anayeswali apange mapema na nahodha washuke wapi, maana Maghribi haisubiri.

Ziada: zipi ndiyo, zipi la

Miwani na mrija vya kukodi hupoteza safari nyingi kuliko mawimbi. Miwani ya zamani huwa na mpira mgumu, inavuja puani, na mtu anatoka majini baada ya dakika tano. Ijaribu ufukweni: iweke usoni bila mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, iachie. Ikishika yenyewe inakufaa. Ikianguka omba nyingine. Ndevu na masharubu manene huivujisha. Unayekwenda baharini mara tatu kwa mwaka, nunua yako.

Viatu vya mpira vya kuingilia majini usivikose, maana miiba mieusi ya kwenye mawe haina adabu na ikikatika mguuni ni kazi ya siku kadhaa. Turubai la kivuli kwenye boti nalo lidai. Si ziada, ni haki yako kwa safari yoyote inayozidi saa mbili.

Kambakoche kwa nyongeza ya bei? Hapana. Akichomwa juu ya makaa ya haraka hukauka, na changu au kolekole wa kawaida kwenye sahani ileile ni mtamu zaidi. “Vinywaji vyote vimo” ni biashara ya pombe. Usiyekunywa unamlipia jirani yako, kwa hiyo omba bei bila vinywaji ubebe maji na madafu. Picha za mpiga picha wa boti nunua baada ya kuziona, kamwe si kabla. Kikundi cha taarabu kwenye jahazi ni raha kweli, ila kwa watu wanane kwenda juu. Chini ya hapo kila noti ya udi unailipia peke yako.

Kabla ya kupanda

Hesabu jaketi okozi, siyo kuuliza kama zipo. Ziwe sawa na idadi ya watu, kamba na vifungo vyake vizima, na za watoto ziwe za watoto. Mvalishe mtoto, funga, kisha mnyanyue kwa mabega ya jaketi: likipanda mpaka masikioni, ni kubwa. Uliza kama boti imesajiliwa na Mamlaka ya Usafiri Baharini. Tazama kama kuna nanga, simu yenye chaji na mafuta ya akiba. Julai 2012 meli ya Skagit ilizama karibu na Chumbe, kusi likiwa limechachamaa, na ile ilikuwa meli. Nahodha akisema leo hatutoki, mshukuru na umdai tarehe nyingine.

Malipo yagawe: sehemu ndogo ya kushikilia nafasi, iliyobaki mkirudi nchi kavu. Andikianeni kwa ujumbe wa simu saa ya kuondoka, mahali pa kwenda kwa mpangilio, chakula, viingilio, na kitakachotokea bahari ikichafuka. Asiyezoea bahari ameze dawa ya kuzuia kutapika kama saa moja kabla ya kupanda, siyo tumbo likishaanza, na akae nyuma karibu na nahodha akitazama mbali.

Pemba ni habari nyingine. Boti za watalii ni chache, kwa hiyo safari ya kisiwa cha Misali unaipangia wewe mwenyewe na mwenye boti wa Wesha, kwa bei ya boti nzima. Kisiwani ni hifadhi tangu 1998 na hakuna duka: beba maji lita 3 kwa kila mtu, chakula, na mfuko wa kurudishia taka. Mkondo wa Pemba, bahari iliyo kati ya Pemba na bara, ni wenye kina kirefu na mwamba hukatika ghafla, hivyo asiyeogelea vizuri abaki upande wa ndani, jaketi mwilini. Kubaliana saa ya kurudi kabla upepo wa alasiri haujashika, na nahodha akishaipanga usimwombe nusu saa zaidi.